Mchele una karatasi za kuvuka Rusumo, kijana wa lena hana

Chukua familia moja ya kawaida upande wa Ngara, mkoani Kagera. Mama anafanya biashara ya mchele. Ana pikapu moja yenye namba nyeupe na dereva mmoja. Mzigo ananunua Kahama, unapakiwa, unapita Benaco, kisha unateremka hadi daraja la Rusumo kuingia Rwanda. Wateja wake wako Nyakarambi, mji wa wilaya ya Kirehe, na siku ya soko haimsubiri mtu.

Alfajiri ya siku hiyo dereva anapiga simu: homa imemlaza. Magunia yako juu ya gari, turubai limefungwa, karatasi za mzigo ziko tayari. Ndani ya nyumba yupo kijana wa miaka 18 aliyemaliza kidato cha nne. Wiki tatu zilizopita alijiandikisha shule ya udereva, na mfukoni ana leseni ya kujifunzia, ile ambayo Watanzania wengi huiita lena.

"Mama, mbona unahangaika na mimi nipo? Lena si ninayo?"

"Unayo, baba. Lakini lena ni ya kujifunza, siyo ya kupeleka mzigo wa watu."

"Ni mwendo mfupi tu, na njia naijua."

"Njia unayoijua inaishia darajani. Ng'ambo wanapita mkono mwingine."

Mazungumzo ya namna hii si mageni katika nyumba zinazoishi kwa mpaka. Vijana wa wafanyabiashara hukua wakiona magari yakipakiwa na kupakuliwa, na wengi hushika usukani uani kabla ya kushika kibali chochote. Siku wanapokipata, nyumba nzima hupumua: sasa tuna dereva wetu. Hapo ndipo kosa huanzia, kwa sababu karatasi hiyo haisemi hivyo.

Karatasi moja, majina mengi

Kibali cha kujifunzia udereva kipo katika kila nchi ya ukanda huu, ila kila nchi ina jina lake, mlango wake na hesabu yake ya siku. Tanzania ni lena. Rwanda ni provizwari, jina lililotokana na Kifaransa. Kenya ni leseni ya muda ya mwanafunzi.

Tanzania inaendesha mambo haya chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kijana anayetaka kuendesha gari anapaswa awe ametimiza miaka 18. Anajiandikisha kwenye shule ya udereva, anapata namba ya mlipakodi, analipa ada na kupewa leseni ya kujifunzia, ambayo katika orodha ya madaraja ni daraja H. Uhai wake ni miezi 3. Akishaiva, anapimwa na mkaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi. Akifaulu anapata cheti cha umahiri, na kwa cheti hicho Mamlaka ya Mapato, TRA, inamtolea leseni kamili.

Kenya kazi hiyo iko mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na maombi hufanyika kwa mtandao. Sheria ya Kenya inaweka miaka 18 kwa gari na miaka 16 kwa pikipiki. Mwanafunzi huanza na kibali, akafundishwa, kisha akakabili mtihani unaojulikana na kila aliyepitia shule za udereva nchini humo: ubao wenye mchoro wa mji mdogo, barabara zake na mizunguko yake, ambapo anasogeza kigari cha kuchezea huku akieleza angepita wapi, angesimama wapi na angempisha nani. Baada ya ubao ndipo anapelekwa barabarani.

Rwanda imeligeuza jambo hili. Huko mtihani wa nadharia ndio unaotangulia. Mwombaji anajiandikisha kupitia mtandao wa Irembo, anaketi mbele ya polisi na kujibu maswali 20 kuhusu sheria za barabarani kwa dakika 20. Akipata 12 amefaulu, na hapo ndipo anapewa provizwari, ambayo hudumu miaka 2. Ndani ya muda huo anajifunza kwa vitendo na kuomba mtihani wa mwisho wa daraja alilochagua. Mwaka 2024 polisi wa Rwanda walifungua kituo cha mitihani ya udereva cha kisasa Busanza, jijini Kigali, ambako mitambo hufuatilia makosa ya mtahiniwa.

Kwa mfanyabiashara mwenye kijana nyumbani, tofauti hizi ni pesa. Miezi 3 ya lena huisha upesi kwa kijana anayekwenda darasani siku mbili kwa juma huku siku nyingine akiwa sokoni. Ikiisha kabla hajapimwa, inabidi arudi kulipia tena. Miaka 2 ya provizwari ni mirefu, lakini huifikii bila kushinda mtihani wa kalamu kwanza.

Kinachofanana kote ni masharti. Mwenye kibali cha kujifunzia hatakiwi kuendesha peke yake. Pembeni yake awepo mwalimu au dereva mwenye leseni kamili ya daraja hilo, kadiri sheria ya nchi inavyotaka, na gari liwe na alama ya mwanafunzi ili wengine barabarani wajue wanapishana na nani.

Kwa nini kibali hiki hakivuki

Mfanyabiashara wa mpakani amezoea kuona mambo yakirahisishwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Eneo Moja la Forodha. Ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ambacho mwenye magunia machache hukipata palepale mpakani. Ina hata sheria moja ya uzito wa malori, iliyopitishwa na Bunge la Jumuiya mwaka 2013. Ni rahisi basi kudhani kwamba karatasi ya polisi wa nchi moja itakubalika kwa polisi wa nchi ya pili.

Kwa leseni kamili, zipo njia za kuitambua nje ya nchi iliyoitoa. Kwa kibali cha kujifunzia hakuna. Jumuiya haina kibali kimoja cha mwanafunzi wa udereva. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni wanachama, unasema wazi kwamba wajibu wa nchi kutambua leseni za kigeni hauhusu vibali vya kujifunzia. Mkataba huohuo unaziruhusu nchi kukataa leseni ya mtu ambaye hajatimiza miaka 18.

Sababu yake ni ya kawaida. Leseni kamili ni ushahidi kwamba dola moja imempima mtu na kuridhika naye, na dola nyingine inaweza kuuamini ushahidi huo. Kibali cha kujifunzia kinasema kinyume chake: mtu huyu bado hajapimwa, tumemruhusu ajaribu chini ya macho ya mtu mzoefu, kwenye barabara zetu, kwa sheria zetu. Polisi wa nchi jirani hakushiriki katika makubaliano hayo, wala mwalimu wa kijana hana mamlaka ng'ambo.

Kwa hiyo kijana wa Ngara mwenye lena akishika usukani upande wa Kirehe, mbele ya sheria ni sawa na mtu asiye na leseni kabisa. Na wa Kirehe mwenye provizwari akiendesha upande wa Ngara, hali ni ileile.

Daraja linalobadili mkono

Rusumo ina somo lake la pekee kwa anayejifunza. Daraja la zamani juu ya mto Kagera lilikuwa jembamba, magari yakipita kwa zamu. Daraja jipya la njia mbili, pamoja na kituo cha huduma za pamoja mpakani, vilijengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa tarehe 6 Aprili 2016 na Rais Paul Kagame wa Rwanda na Rais John Magufuli wa Tanzania. Foleni ilipungua, lakini jambo moja halikubadilika: Tanzania magari hupita kushoto, Rwanda hupita kulia.

Dereva mzoefu hufanya badiliko hilo bila kufikiri. Mwanafunzi wa wiki tatu bado anahesabu klachi na gia kichwani. Amefundishwa kutazama kulia kwanza anapoingia barabara kubwa. Ng'ambo gari la kwanza kumfikia litatokea kushoto. Mzunguko aliofundishwa kuuzunguka kwa mwendo wa mshale wa saa, ng'ambo unazungukwa kinyume. Akitaka kulipita lori, usukani wake uko kulia na lori limemziba macho. Haoni kinachokuja mpaka atokeze pua ya gari upande wa hatari. Madereva wa safari ndefu hapo humtegemea utingo aliyeketi kushoto awaambie kama njia ni nyeupe. Kijana aliye peke yake hana wa kumwambia.

Badiliko hili halipo Rusumo tu. Liko Kabanga na Kobero kati ya Tanzania na Burundi. Katuna na Gatuna, Cyanika, na Mirama Hills na Kagitumba kati ya Uganda na Rwanda. Mpondwe na Kasindi, na Bunagana, kati ya Uganda na Kongo. Na Elegu na Nimule kati ya Uganda na Sudan Kusini. Wanaopita Namanga, Holili, Sirari, Horohoro, Mutukula, Malaba au Busia hawabadili mkono. Wala hawabadili wanaopita kati ya Rwanda na Burundi, au kati ya Rwanda na Kongo kule Goma na Bukavu. Lakini hata huko, kibali cha kujifunzia hubaki nyumbani.

Hesabu ya mama

Turudi kwa mama na mchele wake. Ana njia tatu. Ya kwanza ni kuahirisha safari na kumpoteza mteja wa Nyakarambi, ambaye atanunua kwa mwingine na huenda asirudi. Ya pili ni kumpa kijana ufunguo. Ya tatu ni kutafuta deiwaka, dereva wa kushika siku moja, mwenye leseni kamili na anayelijua daraja. Deiwaka huyu anajua kwamba mzigo uko juu na soko linasubiri, na bei yake itafuata ujuzi huo. Sehemu nzuri ya faida ya safari itaishia mfukoni mwake.

Njia ya pili ndiyo inayoonekana ya bure. Lakini mfanyabiashara hupiga hesabu ya mzigo mzima.

Kwanza, gari lenyewe. Kwa madaraja ya Tanzania, B ni la magari madogo yasiyo ya biashara. Pikapu ya namba nyeupe ni gari la biashara, na daraja linalolihusu ni D. C ni la magari ya abiria na E huingiza magari mazito. Maana yake, hata kijana akifaulu kesho kwa daraja B, bado hajawa dereva wa mchele wa mama yake. Familia nyingi huligundua hili zikiwa zimeshalipa ada ya daraja lisilowafaa.

Pili, bima. Gari linalovuka hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo inashiriki ingawa si mwanachama wa COMESA. Kadi hiyo inahusu madai ya watu wengine walioumizwa au kuharibiwa mali na gari katika nchi inayotembelewa. Bima za magari kwa kawaida huweka sharti kwamba anayeendesha awe na leseni halali. Sharti likivunjwa, mwenye gari hujikuta akidaiwa yeye: matibabu ya watu, ukuta wa watu, pikipiki ya watu. Hapo biashara ya miaka kumi inaweza kuuzwa kulipia dakika moja.

Tatu, mzigo. Gari likizuiwa na polisi wa nchi jirani, mchele huzuiwa nalo. Mteja hatajua kama kosa ni la karatasi au la mwendo. Atajua tu kwamba mzigo haukufika.

Nne, na hili halina bei, ni kijana mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Kijana wa miaka 18 mwenye mzigo wa tani moja mgongoni na barabara ya mkono asioujua yuko ndani ya hesabu hiyo.

Mama anapiga simu kwa deiwaka.

Anayetaka kuanza mapema aanze hivi

Hakuna katika haya kinachomkataza kijana kujifunza. Ukanda huu unahitaji madereva, na familia yenye dereva wake mwenye leseni kamili huokoa fedha nyingi. Kinachotakiwa ni kuupanga muda wa kujifunza kama unavyopangwa mtaji.

Chagua daraja kabla ya kulipa ada. Iulize shule: gari la biashara la familia linahitaji daraja gani, na kijana aanze na lipi ili afike huko? Jibu liandikwe kwenye fomu, lisibaki mdomoni.

Hesabu siku za kibali. Kama kibali ni cha miezi 3, ratiba ya masomo iingie ndani ya miezi 3, na msimu wa mavuno usiuchague kuwa msimu wa kujifunza. Kijana anayekosa masomo kwa sababu ya soko hulipia kibali mara mbili.

Soma sheria za pande zote mbili. Kijana wa mpakani ana faida ambayo mwenzake wa mbali na mpaka hana: anaweza kuvuka kwa miguu na kusimama pembeni ya barabara ya jirani akitazama magari yanavyopishana. Somo hilo halina ada, na litamfaa siku atakapokuwa na leseni kamili mkononi.

Uliza bima kama inamhusu mwanafunzi. Baadhi ya bima humkubali akiwa na msimamizi, nyingine hazimkubali. Jibu lipatikane kwa maandishi kabla gari la familia halijafungwa alama ya mwanafunzi.

Kwepa leseni ya mkato. Anayeahidi leseni kamili bila masomo wala mtihani anauza karatasi itakayomfikisha kijana barabarani akiwa hajui breki inafanya nini kwenye mteremko wenye utelezi. Leseni siku hizi hukaguliwa kwenye kumbukumbu za mtandao, na ya bandia hugundulika kwa kubofya tu.

Na wasiachwe mabinti. Wanawake ni wengi miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wa mipakani, lakini katika familia nyingi anayepelekwa shule ya udereva ni mtoto wa kiume. Matokeo yake ni mama mwenye gari anayekaa alfajiri akingoja simu ya dereva. Binti wa miaka 16 leo atakuwa na miaka 18 baada ya misimu michache ya mpunga. Ada yake ikianza kuwekwa sasa, haitauma.

Kiti cha kushoto

Pikapu inaondoka saa moja na nusu asubuhi. Deiwaka yuko kwenye usukani. Kijana ameketi kushoto, kiti cha utingo, na lena yake iko mfukoni, ambako leo haina kazi. Mama amempa kazi moja: atazame.

Wanapotoka darajani na kuingia mkono wa kulia, kijana anakanyaga sakafu ya gari kana kwamba pana breki hapo. Lori linakuja kwa upande ambao mwili wake unauita upande wetu. Deiwaka anacheka na kumwambia kila mtu hukanyaga hivyo mara ya kwanza. Wakifika nyuma ya lori jingine linalopanda kilima taratibu, anamuuliza, "Dogo, kweupe?" Kijana anachungulia. Siyo kweupe, kuna basi. Wanasubiri.

Mchele unafika Nyakarambi kabla soko halijachangamka. Faida ya safari imepungua kwa ujira wa deiwaka, na jioni mama anaiandika hasara hiyo kwenye daftari lake kama anavyoandika ushuru na upakiaji. Kijana anamweleza aliyoyaona: mzunguko unaozungukwa kinyume, basi lililotokea nyuma ya kilima, mguu uliotafuta breki isiyokuwepo.

"Shule kesho saa ngapi?" mama anauliza.

"Saa mbili."

"Usichelewe. Na uwaulize, mtu wa miaka 43 wanampokea?"

Wanampokea. Sheria imeweka umri wa kuanza kujifunza. Wa kuchelewa haikuuweka.